Bata wa Mama Ghati na Fomu ya Kisanduku Kimoja

Wiki mbili zilizopita vijana watatu walikuja kwangu Morotonga kunipa shikamoo. Wote ni wahesabu ndege wapya, wamevaa viatu vizito vya kupandia milima na kofia pana, utadhani wametumwa kuhesabu simba. Wawili ni wageni wa huku. Wa tatu ni Robhi, binti wa hapa hapa kwetu, na huyo nitamrudia. Chai ilikuwa haijamiminwa, mmoja wa wale wageni akatoa simu akanionyesha picha ya bata. Simu hiyo, akaniambia, inatambua ndege wote wa dunia. Unaipa picha, inakupa jina.

Nikamwambia aipe. Ikasema ni bata wa porini mwenye mdomo wa njano, yule tunayemwona kila siku kwenye malambo. Akaipa picha ya pili, bata huyo huyo amegeuka upande. Ikasema ni bata wa Ulaya. Picha ya tatu, bata amekunja shingo, ikataja ndege wa nchi ambayo sijawahi kuisikia. Kijana hakuona haya hata kidogo. Alisema hiyo ndiyo dalili kwamba huenda ni aina mpya kabisa, na kwamba mkuu wao ameshaanza kuchangamka.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Robhi hakucheka. Kumbe yeye ndiye aliyewaleta. Siku tatu nzima alikuwa akiwaambia wenzake kwamba bata huyo ni wa nyumbani kwao, wa bibi yake, na wenzake walikuwa wakimjibu kwamba mapenzi ya nyumbani si sayansi. Fomu ilitakiwa kwenda Ijumaa, nao walikuwa wameshaandika kwa penseli "aina mpya". Robhi akaniambia, "Babu, waambie ile habari ya lambo. Mimi hawanisikii."

Basi niliwaambia. Na nyie wengine mnaoshika darubini siku hizi nawaandikia, maana naona ujinga wangu umeshapata wajukuu.

Mimi ni Mwita. Nimehesabu ndege wa majini karibu miaka thelathini, kwenye malambo ya ng'ombe ya Tarime na madimbwi ya Serengeti, kwa ajili ya mradi ambao jina lake nitaliacha lipumzike. Mtu akiniuliza kazi yangu, nikimwambia nahesabu bata, alikuwa ananiuliza, na kazi yako ya kweli ni ipi? Baba mkwe wangu aliniuliza hivyo mpaka siku anafariki. Kwa Mkurya, mwanaume anahesabu ng'ombe. Kuku na bata ni mambo ya jikoni, mali ya akina mama, na mwanaume anayejiheshimu hata hajui mkewe ana kuku wangapi. Likumbukeni hilo, ndilo lililonimaliza.

Kazi nilifundishwa na Mzee Makuru, Muikoma wa Robanda. Zamani alikuwa mwindaji, halafu mradi ukamwajiri kuhesabu kile alichokuwa anakula. Alikuwa na macho ambayo hayakuhitaji darubini. Darubini ya mradi alikuwa akiivaa shingoni kwa sababu imeandikwa kwenye mkataba.

Makuru alinifundisha kuhesabu kwa maharage. Unajaza maharage mfuko wa kulia. Kila ukihesabu ndege kumi unahamisha punje moja mfuko wa kushoto, na macho hayatoki majini. Njia nzuri sana. Siku moja maharage yaliniishia nikatumia karanga za kukaanga. Hadi jua linazama nilikuwa nimekula bata mia nne, na fomu yangu ilionyesha kwamba ndege wa bonde lile wanapungua kwa kasi ya kutisha. Makuru aliisoma, akanitazama mdomo, akasema nijifute maganda.

Siku nyingine tulikuwa kwenye bwawa moja karibu na Kerende, upande wa Nyamongo. Nikahesabu yangeyange kumi na mmoja wamesimama kwenye majani, weupe, wametulia. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Makuru alitembea mpaka pale akarudi na mmoja mkononi. Ulikuwa mfuko wa saruji. Hakunisema. Aliukunja vizuri akanipa, nikauweka kwenye begi, nikatembea nao siku nzima.

Mafundisho yake mengine niwape hapa hapa, hayana gharama. Usianze na rangi, rangi inadanganya, jua likigeuka na rangi inageuka. Mtazame bata anavyokula: yupo anayezamisha kichwa na kuinua makalio, yupo anayechunga majani ukingoni, yupo anayezama mwili mzima. Mtazame anavyoruka kutoka majini. Halafu mtazame mkia, maana watu wote wanatazama kichwa. Na usipomjua, andika "sijui". Hili la mwisho Makuru alilishikilia kuliko yote. Fomu zake zilikuwa na "sijui" nyingi, na ofisi ilikuwa inazichukia.

Fomu ya mradi ilikuwa na kisanduku kimoja kwa kila ndege. Jina moja, basi. Ukiandika "sijui", fomu inarudi na wino mwekundu: "Chagua jina moja." Makuru alikuwa anairudisha ilivyo. Ikija tena, anairudisha tena. Mimi nilikuwa kijana, nina haraka ya kupanda cheo, nikajifunza kuchagua. Nilikuwa na majina ya kila kitu. Kwenye semina nilisifiwa kwamba fomu za Mwita ni safi, hazina maswali. Nawaambia ukweli, nilivimba kichwa.

Sasa, wanaotoa majina wanaye mkuu wao. Kwetu alikuwa Daktari, si wa kutibu watu, wa vitabu. Mtu mpole, mwembamba, msomi wa kweli. Kwenye semina ya Mugumu alitufundisha kwamba aina mbili za wanyama ni mbili kwa sababu haziwezi kuzaa pamoja watoto ambao nao watazaa. Sisi tukaandika. Halafu Makuru akanyoosha mkono, akauliza habari za bata. Daktari akakohoa. Akasema bata wana mambo yao.

Wanayo kweli. Kuna fundi cherehani mmoja Tarime mjini alikuwa anafuga bata wa kawaida. Jirani yake alikuwa na dume wa wale bata wakubwa wenye vinyama vyekundu usoni, wazito, wasiopiga kelele. Wakachanganyika. Watoto wakatoka wakubwa kuliko wazazi, na fundi akatembea mtaa mzima akijisifu kwamba ana mbegu mpya. Majike wakataga. Akachukua mayai akayaweka chini ya kuku, kuku akalalia wiki nne, wiki tano, akakonda, akawa mkali, hakuna kilichototolewa. Fundi akagombana na majirani, akasema kuna mtu ana kijicho. Hakukuwa na kijicho. Bata hao wawili wakizaa, watoto wao ni wazima lakini hawazai. Hapo semina ya Daktari ilikuwa sahihi kabisa.

Lakini bata mwingine wa kufugwa, huyu wa kawaida, akikutana na yule wa porini mwenye mdomo wa njano, wanazaa, na watoto wanazaa, na wajukuu wanazaa, na semina inabaki imekaa juani. Kwenye kitabu kila mmoja ana ukurasa wake. Lamboni hakuna kurasa. Mwaka wa habari hii ya lambo nilikuwa nalijua hilo kwa kusikia tu, na nililisikia kwa sikio moja.

Sasa nije kwenye aibu yenyewe. Lambo letu la Morotonga limechimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Asubuhi moja nikaona bata watano pale ambao sikuwahi kuwaona. Mwili wa kahawia wenye manyoya yaliyopakwa ukingo mweupe, mdomo wa njano wenye doa jeusi juu, yote sawa na bata wa porini. Lakini walikuwa wanene. Kifuani walikuwa na baka jeupe. Na mmoja wao, dume, alikuwa na unyoya mkiani uliojikunja kwenda juu.

Unyoya huo ndio alama. Bata dume wa kufugwa anao, wa porini hana. Makuru alinifundisha wiki ya kwanza ya kazi. Niliuona vizuri, jua lilikuwa nyuma yangu. Niliandika mdomo, niliandika doa, niliandika baka la kifuani. Unyoya sikuuandika.

Msiniulize kama nilisahau. Sikusahau. Nilikuwa mtu wa makamo ambaye amehesabu ndege wa watu wengine miaka mingi, na nilitaka mmoja awe wangu. Makuru alikuwa ameshastaafu, amerudi Robanda kufukuza tembo kwenye mtama wake. Hapakuwa na mtu wa kunitazama mdomo.

Daktari alifika baada ya siku mbili. Alilala kifudifudi kwenye samadi ya ng'ombe, ng'ambo ya lambo, na darubini yake ndefu, saa mbili bila kulalamika. Bata walikuwa mbali, katikati ya maji, wametazama upande wetu. Alipoinuka shati lilikuwa limebadilika rangi na macho yalikuwa yanang'aa. Aliniambia kwamba bata huyo, kama akithibitishwa, atapewa jina la Kilatini lenye maneno mawili, na la pili linaweza kuwa la aliyemwona kwanza, likiongezewa mkia wa Kilatini. Nilifanya mazoezi ya kuliandika nyuma ya daftari. Mke wangu aliliona, akataka kujua huyo mwanamke ni nani.

Kisha mambo yakaanza kwenda mbio. Mradi ukaamua kwamba bata adimu namna ile hawezi kuogelea kwenye kinyesi cha ng'ombe. Lambo lizungushiwe uzio. Ng'ombe wasinywe pale, watu wasichote. Uzio ukaletwa kwa lori. Fundi wa Mugumu akachora ubao mkubwa wenye picha ya bata na maneno ya kukataza. Ng'ombe wa upande wetu wangelazimika kwenda kunywa mtoni, mbali, kwa kukatiza mashamba ya watu, na nyie mnajua ng'ombe akikatiza shamba la mtu huku kwetu maneno yanaishia wapi. Nilijua. Nilijiambia kwamba wataalamu wameshalifikiria hilo, nikanawa mikono.

Hatua hamsini kutoka majini, upande ambao Daktari hakulala, ni mji wa Mama Ghati, yaani nyumba zake, zizi lake na ghala lake. Mama Ghati ni mjane. Mumewe alifariki akamwachia binti mmoja tu, Ghati, ambaye ameolewa mbali. Basi kwa mila yetu Mama Ghati alitoa ng'ombe akamwoa Nyangi. Wageni msishangae, ndiyo nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamwoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, wanaitwa kwa jina la marehemu. Mwanaume aliyewaleta duniani halijadiliwi. Wakati huo Nyangi alikuwa na mtoto mchanga wa kike mgongoni.

Nilitumwa mimi kwenda kumwambia Mama Ghati kwamba ng'ombe wake watafute maji kwingine, kwa sababu mimi ni wa kwao. Nilikuwa napita pale kila wiki. Tulikuwa tunasalimiana zizini, nauliza habari za ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa rangi zao, yule mwenye paji jeupe, yule mwekundu aliyevunjika pembe. Siku hiyo hakuwa zizini, alikuwa anasonga ugali. Kwa mara ya kwanza nikafika mpaka mlango wa jikoni.

Ndani, kando ya mafiga, kulikuwa na bata jike mweupe mwenye madoa, na nyuma yake vifaranga tisa wa kahawia. Juu ya kinu alikuwa amesimama yule dume wangu wa Kilatini, anajikuna.

Nikauliza hao ni wa nani. Mama Ghati akasema ni wake, kwani nilidhani ni wa kwangu? Akanieleza huku anageuza mwiko. Alikuwa na dume mmoja na majike wawili. Dume alichukuliwa na nguchiro. Majike wakaanza kushinda lamboni na bata wa porini, wakarudi wakatagia chini ya ghala, na huo ulikuwa msimu wa pili sasa wanaleta vifaranga wenye sura ya porini. Mchana wanaogelea, jioni akigonga sufuria ya pumba wanarudi kula.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Hapo akaacha mwiko.

"Uliniuliza?" akasema. "Kila wiki unapita hapa, ng'ombe wangu unawajua kuliko mimi. Bata hujawahi hata kuwaangalia."

Kwa kutafuta la kusema, nikauliza kama mtu wa ofisini: sasa hawa tuwaite wa aina gani, baba yao ni wa porini. Mama Ghati akanyoosha kidole kwa mtoto aliyekuwa mgongoni mwa Nyangi.

"Robhi huyu namwuliza baba yake? Amezaliwa hapa, ni wa hapa. Na hawa ni wa nyumba hii, baba yao ni wa lambo. Ukitaka kuandika, andika hivyo."

Na sasa nasema jambo ambalo mpaka leo linaniwasha. Nilimwomba awafungie. Kesho yake kulikuwa na mkutano pale lamboni, Daktari anakuja na wageni kuzindua ubao, na mimi, mtu mzima, nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikimwomba mjane awafiche bata wake mpaka wageni waondoke. Nilisema ni siku moja tu. Nilisema baadaye nitarekebisha.

"Nikiwafungia," akasema, "ng'ombe wangu watakunywa wapi keshokutwa?"

Akarudi kwenye ugali wake. Nilipogeuka kuondoka akaniambia, bila kuinua macho, "Wale wageni hawajui, Mwita. Wewe unajua."

Kesho yake watu walijaa. Wageni walikaa kwenye viti, wanaume wa kijiji upande mmoja, akina mama upande mwingine. Ubao ulikuwa umesimikwa na kufunikwa kitenge. Katikati ya lambo bata watano walikuwa wanaogelea kwa adabu. Mama Ghati alikuwa amekaa mstari wa nyuma, sufuria yenye mfuniko mapajani. Hakunitazama hata mara moja, na hilo lilinitesa kuliko kama angenitazama.

Daktari aliongea vizuri. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza habari ya maji ya ng'ombe, akajibiwa kwamba litaangaliwa. Wazee wakanung'unika, lakini kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na magari mengi. Kisha Daktari akasema anamkaribisha mgunduzi mwenyewe, mtoto wa hapa hapa, aseme machache. Nilikuwa na machache hayo mfukoni, yameandikwa. Nikasimama.

Nilitazama ule uzio uliokunjwa kwenye lori, nikatazama ng'ombe waliokuwa wamezuiwa kule juu, yule mwenye paji jeupe alikuwa mbele. Halafu miguu ikanipeleka upande wa akina mama. Watu wakaguna. Nikamwomba Mama Ghati sufuria. Akanipa.

Nikagonga mfuniko na kuita kama nilivyowahi kumsikia akiita kuku. Bata hawakugeuka. Nikagonga tena. Hawakugeuka. Daktari akaanza kutabasamu kwa huruma, akidhani jua limenipiga. Mama Ghati akainuka polepole.

"Siyo hivyo, mura," akasema, akaniita kijana mbele za watu, akanipokonya sufuria, akagonga mara moja tu.

Bata watano wakageuka wote. Wakaja moja kwa moja, wakatoka majini kwa mstari, wakapanda ukingo wakitikisa makalio, wakapita katikati ya viatu vya wageni, na Mama Ghati akamwaga pumba pale pale. Yule dume alipanda juu ya kiatu cha Daktari ili aifikie pumba vizuri, akakaa hapo akila. Kutoka pale mkia wake ulionekana kwa kila mtu.

Nikasema kwa sauti ili wote wasikie: unyoya wa mkiani umejikunja, ni wa bata wa kufugwa, niliuona tangu siku ya kwanza, na sikuuandika kwa makusudi. Hakuna aliyecheka mwanzoni. Halafu mzee mmoja akacheka, na baada yake kijiji kizima, na nawaambia kwamba kucheka kwa kijiji kizima ukiwa umesimama katikati yake ni adhabu inayotosha. Ofisi haikuona hivyo. Walinipeleka stoo, nikahesabu mabuti ya mvua msimu mzima.

Uzio uliondoka na lori lile lile. Ubao haukuwa na wa kuuchukua, Mama Ghati akauomba. Ndio mlango wa banda la bata wake mpaka leo, na yule bata wa kuchorwa anawatazama wenzake wakiingia na kutoka. Nilikwenda Robanda kumsimulia Mzee Makuru. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, kama siku hiyo nilikuwa na karanga.

Nisimwonee Daktari. Mtu yule alirudi baada ya miezi kadhaa, akakaa jikoni kwa Mama Ghati, kwenye kigoda, akamweleza jambo la maana. Kwamba bata wa kufugwa wakiachiwa kila mwaka kuchanganyika na bata wa porini, itafika siku lamboni hatutaona tena yule wa porini mwenyewe, watabaki wa nusu tu, na hatutajua alipotea lini kwa sababu kila mtu aliandika jina moja. Mama Ghati alimsikiliza, akakubali. Tangu hapo lambo linapojaa maji na bata wa porini wanapotafuta wenzi, bata wake anawafungia bandani. Alimwambia tu Daktari kwamba angeanzia kwenye kigoda hicho, shati lake lingebaki safi.

Kwa hiyo sisemi majina hayana kazi. Yana kazi kubwa. Huwezi kujua umepoteza nini kama hukuwa na jina lake. Lakini jina analipa mtu, kwa haja zake, na bata hajaambiwa. Ukikuta bata anakataa kuingia kwenye kisanduku, usimkate miguu. Chukua kalamu uandike pembeni.

Sasa Robhi. Yule mtoto wa mgongoni ndiye huyu aliyekuja na wenzake. Alipokuwa anaomba kazi hii, fomu iliuliza jina la baba. Akaandika jina la marehemu mume wa Mama Ghati, kama anavyoitwa tangu azaliwe. Karani akapiga hesabu, akamwambia haiwezekani, huyu mtu alikufa kabla hujazaliwa, miaka haikubaliani, leta jina la baba wa kweli. Robhi akamjibu kwamba huyo ndiye wa kweli, na asiyeamini aende akaulize nyumbani. Karani akamrudishia fomu mara tatu. Mara tatu akaipeleka ilivyo, mpaka karani akachoka.

Msichana wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anafundishwa na simu kwamba hawajui bata wa jikoni kwao.

Nilipomaliza kuwasimulia, sikuwaomba waniamini. Niliwaambia wanywe chai, halafu waende lamboni na Robhi, wapitie kwa bibi yake wachukue sufuria. Mama Ghati sasa ni mzee sana, haoni vizuri na bata humponyoka msimu wa kuwafungia, lakini mkono wa kugonga mfuniko bado anao. Jioni walirudi. Yule mwenye simu alikuwa ameiweka mfukoni, na viatu vyake vya kupandia milima vilikuwa na pumba. Aliniamkia upya, shikamoo ya pili siku hiyo, ya chini chini.

Penseli ilifutwa. Robhi akaandika kwa kalamu ya wino, kwenye kile kisanduku kimoja, kwa herufi ndogo ili zienee: "Bata wa nyumba ya Mama Ghati. Mama yao wa kufugwa, baba yao wa lambo. Unyoya wa mkiani umejikunja." Ijumaa fomu ikaenda.

Jumatano hii imerudi. Mkuu wao mpya ameandika juu yake kwa wino mwekundu, na sijui nani alimfundisha maneno yale yale: "Chagua jina moja."

Jana Robhi alipita hapa akiwa njiani kwenda Mugumu kuipeleka tena. Nilimwuliza amechagua lipi. Akaifungua akanionyesha. Hakuwa amefuta hata nukta.